Baba, Mlango wa Kaskazini Umefunguliwa

Mpendwa Baba,

Ulipokuwa hai simu zetu zote zilianza na mvua, basi hata leo nianze hapo. Huku Sydney haijanyesha wiki nzima. Ni baridi tu, ile kavu inayopasua midomo, na serikali imetufungia tena kwa sababu ya korona. Mtu haruhusiwi kuvuka kilomita tano kutoka kwake, labda awe anakwenda kazini. Mimi naenda kazini. Wazee wa makao ninakofanya kazi, hapa karibu na Westmead, lazima waogeshwe na walishwe, korona iwe au isiwe.

Jana fundi wako Mwakio alinitumia picha moja kwenye simu, na tangu hapo sijatulia. Nimeunguza wali, nimepitiliza kituo changu cha basi, na Neema ameniuliza mara tatu, "Mum, are you okay?" Mjukuu wako anasikia Kiswahili chote, lakini jibu ni Kiingereza, sijui nimlaumu nani. Nitafika kwenye hiyo picha. Kwanza kuna msamaha ninaotaka kukuomba. Ningeuomba zaidi ya miaka thelathini iliyopita, ukiwa bado una masikio ya kunisikia, lakini unanijua mwanao: mdomo mwepesi wa kusema ovyo, mzito wa kusema samahani.

Unalikumbuka lile jiwe? Nilikuwa darasa la kwanza, na kanisa letu lilikuwa bado kuta za kiunoni tu, halina paa. Ulinipitia shuleni, ukanisimamisha juu ya jiwe pana lililosuguliwa vizuri, mguu wa kulia mbele, ukapiga magoti ukauzungushia chaki. Chaki ilinitekenya, nikacheka, ukasema, "Tulia, usinipotezee kipimo." Kipimo! Basi mimi nikajua viatu vimefika. Nilimtangazia kila mtoto darasani kwamba baba yangu amenipima mguu, nitavaa viatu vyeusi vya kung'aa. Nilingoja mpaka Krismasi. Nikangoja mpaka Pasaka. Darasa zima likanicheka, na viatu vyangu vya kwanza alininunulia marehemu mama nikiwa darasa la nne. Hilo nalo nilikuwekea moyoni, sitakuficha.

Kanisa lenyewe lilitoka kwenye kadi ya posta. Kasisi mzungu aliyekuwa kwetu Taita wakati huo alizaliwa katika kijiji kimoja cha Uingereza, kijiji chenye kanisa lililojengwa karne nyingi nyuma, zama za wafalme wa mapanga, kila jiwe likichongwa kwa mkono. Alikuletea picha ya kanisa hilo kwenye kadi, akakwambia anataka lile lile, kwa mawe ya milima yetu. Altari ikae mashariki. Mlango mkubwa uwe upande wa kusini, ambao kwenye picha hauonekani. Hayo tu. Msingi haujafika magotini, akaugua, akarudishwa kwao na hakuja tena. Ukabaki na kadi.

Nawe ukaijenga hiyo kadi. Ulijenga mnara mfupi, mnene, wenye meno juu kama ngome. Ulijenga kuta pana hivi kwamba mtoto aliweza kulala kwenye kingo ya dirisha, na madirisha yenyewe ukayafanya membamba, yamechongoka juu, mwanga unaingia kidogo kidogo na watu wanapunguza sauti bila kuambiwa. Kwa nje uliziegemeza kuta kwa nguzo nene, kila moja inapungua inavyopanda. Wewe na kikosi chako mlikata mawe kwa patasi na nyundo, na kila fundi akaweka alama yake upande wa jiwe usioonekana. Yako ilikuwa mistari mitatu. Nilikuuliza kwa nini mnaficha alama, ukaniambia alama ya fundi si ya kuonwa na wapita njia, ni ya kuonwa na yule atakayevunja.

Sasa, aliyepiga picha ya kadi ile alisimama upande wa kaskazini. Na ukuta wa kaskazini, katikati ya nguzo mbili, ulikuwa na tao la mlango, na ndani ya tao hakuna mlango, ni mawe matupu. Wenyewe kule waliwahi kuwa na mlango hapo, wakauziba, karne zikapita. Wewe hukuambiwa, kasisi alikuwa ameshaondoka. Ulijenga tao, na papo hapo ukajenga na mawe ya kuliziba, vile vile kadi ilivyoonyesha. Kanisa jipya, lina mlango uliozibwa kabla haujafunguliwa hata siku moja.

Hakuna aliyeona ajabu. Sisi watoto tulikuwa tukitoka shule ya Jumapili tunausukuma kwa mabega. Wapo waliosema marehemu hupitia hapo. Maharusi walipigiwa picha mbele yake kwa sababu tao lilikuwa zuri, na kweli lilikuwa zuri.

Mpaka nikaja mimi na kimbelembele changu. Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na katika maktaba nilikuta kitabu kuhusu makanisa ya kale ya Uingereza. Nikarudi likizo nimevimba na elimu. Siku hiyo mlikuwa mmepumzika kwenye kibaraza cha kanisa, wewe, mafundi wako na wazee wa kanisa, na mimi ndiye niliyewaletea birika.

"Baba," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mnarani, "ule mlango wa kaskazini ni makosa. Kwenye kadi ule ni kiraka! Wazungu waliziba tundu lao, nanyi mkaiga kiraka!"

Fundi mmoja akaangua kicheko, chai ikamtoka puani, na wenzake wakafuata. "Fundi Kiraka!" akasema, akijipiga mapaja. Wewe hukucheka wala hukukunja uso. Uliniangalia kidogo, ukanisogezea kikombe chako. "Mimina chai, mama," ukasema. "Inapoa."

Jina likakuganda. Sokoni Fundi Kiraka, matangani Fundi Kiraka, hata chifu alipotaka ukuta wa shule alisema aitwe Kiraka. Kanisa zima ulilisimamisha kwa mikono yako, lakini watu walichokumbuka ni ule mlango usiofunguka. Na aliyekubandika jina hilo ni mimi, mtoto wako wa pekee, niliyesomeshwa na mikono hiyo hiyo. Kila nilipokuja likizo nilijiapiza kwamba safari hii nitasema. Halafu naona aibu, nakupa sukari na majani ya chai, naondoka.

Huku Sydney nina mzee ninayemhudumia, Mwingereza wa miaka tisini na kitu. Nitamwita Mzee Arthur. Vidole vyake vimepinda kama vyako. Korona ilipoingia mwaka jana jamaa za wazee wakazuiwa kuingia, wakawa wanapunga mkono dirishani, naye akawa hana wa kuongea naye ila mimi. Asubuhi moja namvalisha soksi, nikamsimulia habari za kanisa letu, ilimradi kupitisha wakati tu. Lo! Mzee akainuka kwenye mto kama kijana. Kumbe kabla hajahamia Australia alikuwa fundi mawe, anakarabati makanisa ya vijijini huko kwao, yale ya zama hizo hizo.

"Mlango wa kaskazini," akasema. "Karibu kila kanisa la kijiji lilikuwa nao. Watu walikuwa wakifanya maandamano ya ibada, wanaingia huku, wanatokea kule. Maandamano yalipokoma, baridi ya kaskazini ikawa inawapiga bure, wakaziba. Wengine watakwambia ulikuwa mlango wa kumtolea shetani wakati wa ubatizo. Usiwasikilize sana."

Nikamwambia jinsi baba yangu alivyoiga kiraka. Nilicheka kidogo, Baba, naungama. Yeye hakucheka.

"Alichora tao usoni mwa ukuta," akaniuliza, "au alijenga tao?"

"Kuna tofauti gani?"

"Tofauti kubwa. Anayeiga kiraka hupamba ukuta tu. Tao la kweli linapita ukuta mzima, lina jiwe la kulifunga pale juu, linabeba mzigo peke yake. Ukiyatoa mawe ya chini yote, halitikisiki. Na hayo mawe ya kuzibia yameshikwa na nini, saruji au udongo? Muulize baba yako."

Nikasema nitakuuliza Jumapili. Jumapili ikafika, nikakuuliza kama mvua imenyesha. Ningeanzaje kukutajia kiraka, mimi?

Mwezi wa saba mwaka huo huo, huko kwenu makanisa yakaruhusiwa kufunguliwa, kwa masharti. Afisa wa afya akaja, akalizunguka letu, akasema watu waingie mlango mmoja watokee mwingine, la sivyo lisifunguliwe. Nanyi mlango ni mmoja. Mwakio, yule uliyemfundisha kushika timazi akiwa bado hana ndevu na sasa ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akaja kwako na wenzake kuomba ruhusa ya kuvunja ukuta wa kaskazini. Ulikuwa umekaa na blanketi magotini. Ukawajibu, "Ule mlango si wangu. Muulizeni Wakesho."

Mwakio aliponipigia simu kunieleza, hasira zilinipanda mpaka kichwani. Nilidhani unanirudishia. Nilidhani kicheko cha siku ile ulikihifadhi miaka yote hiyo, na sasa unanikabidhi mbele ya kamati: wewe uliyejua ni makosa, haya, amua. Nikamwambia Mwakio, "Mimi niko Australia, ukuta wenu unanihusu nini? Msiniingize." Nikakata simu.

Kanisa likabaki limefungwa. Mwakio hakuniambia mpaka baadaye: Jumapili tatu ulijikongoja na fimbo yako hadi kibarazani, umevaa koti lako la ibada, ukakaa peke yako mbele ya kufuli. Jumapili ya nne hukuamka. Presha, walisema. Baba, neno moja tu langu lingekuingiza ndani.

Sikuweza kuja. Australia ilikuwa imefunga mipaka hata kwa wanaotoka. Nilijaza fomu ya kuomba kibali, nikaambatanisha barua ya chifu, jibu halikuja kwa wakati. Na hata lingekuja, nikishatoka sijui ningerudi lini, Neema ningemwachia nani? Mwakio akapiga tena. Safari hii hakunisalimu vizuri.

"Dada, tumepewa kesho tu kumzika. Tumpeleke kaburini moja kwa moja, ama apitie kanisani? Afisa amesema ni milango miwili au hakuna ibada. Na mzee alisema tukuulize wewe. Sema neno, dada."

"Fungueni," nikasema.

Saa tatu asubuhi kwenu ilikuwa saa kumi jioni kwangu. Nilikuwa kwenye ngazi za nyuma za makao ya wazee, mapumziko ya chai, barakoa nimeishusha kidevuni, nawatazama kwenye simu. Mwakio alishika nyundo kubwa. Nilimwona akitemea viganja, akapiga mara moja. Jiwe halikuvunjika, lilitoka. Akaliokota, akaligeuza, akachungulia tundu, akaingiza mkono.

"Udongo!" akapaza sauti. "Jamani, ni udongo mtupu. Hakuna saruji humu."

Nyundo wakaiweka kando. Mawe yakatolewa kwa mikono, moja moja, na nyuma ya kila jiwe mistari mitatu. Tao likabaki limesimama, zima, mpaka upande wa pili, halikudondosha hata vumbi. Kisha kwenye mwimo wa kulia wakakuta vyuma viwili vya bawaba vimechomekwa kwenye jiwe, vimezungushiwa gunia lililoloweshwa mafuta ya gari, visipate kutu. Ulipokaa Jumapili tatu kwenye kibaraza, Baba, hukuwa umefungiwa nje na makosa yako. Ulikuwa na mlango mzima upande wa pili, unangoja kufunguliwa tu.

"Alijua," Mwakio akasema. Mafundi wakavua kofia. Yule fundi wa chai, aliyekuita Kiraka mara ya kwanza, alikuwa amesimama nyuma, mzee sasa kama wewe. Nilimwona anajifuta macho kwa barakoa yake.

Wakakuingiza kwa mlango wa kusini na kukutoa kwa mlango wa kaskazini. Wewe ndiye mtu wa kwanza kuupita. Mimi nikapandisha barakoa, nikarudi ndani kugawa chai ya wazee, kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Nilipomweleza Mzee Arthur aliniomba nimsogezee mkono wangu, akaushika mpaka chai yake ikapoa.

Kwa hiyo niliyajua mawili: kwamba hukuiga kiraka kwa ujinga, na kwamba nilikuvisha jina lisilo lako. Lakini lile neno lako kwa kamati lilinitafuna mwaka mzima. Muulizeni Wakesho. Kwa nini mimi? Jumapili zangu siku hizi natembea ndani ya kilomita zangu tano. Kuna kanisa la mawe ya manjano njiani, limejengwa kwa kuyaiga ya zamani za Uingereza kama letu, nalo limefungwa, kuna karatasi mlangoni. Nalizunguka. Naweka kiganja kwenye viungo vya mawe, natafuta alama zilikofichwa, najua ni kazi bure. Watu wanaopita na mbwa wao wananikwepa. Naona kama nakutafuta wewe.

Ndipo jana ikaja picha. Kamati imepata mbao, wanatia milango sasa, na Mwakio alikuwa anakwangua udongo wa zamani kwenye kizingiti cha chini, ule uliokauka pale yalipokaa mawe ya kuzibia. Chini ya udongo akakuta jiwe limechongwa. Akaliosha kwa maji, akalipiga picha, akaniandikia: "Dada, huu ni mguu wa nani?"

Mguu wa mtoto, wa kulia. Vidole vitano, kile kidogo kimepinda kuingia ndani kama changu kilivyopinda mpaka leo. Karibu na kisigino, mistari mitatu. Na umeelekea ndani, Baba. Haukuelekea nje. Ni mguu wa mtu anayeingia.

Nilimwonyesha Neema. Aliutazama muda mrefu, akanitazama miguu, akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho sijakisikia kinywani mwake sijui tangu lini: "Huyu ni wewe?"

Ni mimi. Hukuwa unanipima viatu. Kwenye kadi uliona kiraka ukajua ni kiraka, mimi sijajua hata kuandika jina langu. Nje ukatii kadi ya kasisi aliyekuamini, ndani ukaweka mlango, na mlango ukaupa mwenyewe, ndiye mimi. Halafu mwenyewe akaja na birika akakucheka mbele ya watu. Neno moja tu lingewanyamazisha wote. Lakini neno hilo lingeniaibisha mimi, msichana wa kidato cha tatu mbele ya wanaume, basi ukachagua kuitwa Kiraka. Ukasema, mimina chai, mama.

Nisamehe, Baba. Nisamehe kicheko kile, nisamehe na zile Jumapili tatu. Uliwaambia ukweli mtupu kwamba mlango si wako, nami nikaona umenikomoa.

Nimemjibu Mwakio. Nimemwambia huo mguu ni wangu, asiumwagie simiti, na mtu yeyote huko asithubutu tena kukuita lile jina. Watu wetu wanatokea hapo kila Jumapili sasa, kwa masharti ya korona, na masharti yakiisha pia waendelee. Mimi nitakuwa wa kwanza kuingilia hapo. Siku mipaka hii itakapofunguliwa nitakuja na Neema, tutapandia njia ya nyuma, kupitia kaburini kwako, mpaka upande wa kaskazini. Mguu umekuwa mkubwa, hautaenea tena kwenye alama yako. Viatu ninavyo siku hizi, Baba, vingi kuliko haja.

Nitavivua mlangoni.

Pumzika, fundi wangu.

Mwanao,
Wakesho